Ufunguo Mkononi, Injini Bado Inanguruma

Jumanne, tarehe 17 Januari, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Baridi nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, ukungu mzito, hakuna upepo.

Odiljon aliingiza gari lake katika ua wa gereji yetu, akalizima, akashuka, akafunga mlango.

Gari likaendelea kunguruma.

Akatuonyesha ufunguo. Ulikuwa mkononi mwake. Nyuma yake gari lilikuwa linajitikisa kama mgonjwa wa malaria, gudu-gudu-gudu, na harufu ya kitu kilichoungua ilikuwa imejaa ua mzima.

"Hilo dude limepagawa," alisema Hamro, jirani yetu anayeziba matairi. "Mwiteni mullah kwanza, fundi baadaye."

Hakuna aliyecheka. Wala yeye mwenyewe hakucheka.

Baba alikuja polepole, akaketi kwenye kiti cha dereva, akakanyaga breki, akaingiza gia ya nne, akaachia klachi. Gari liliruka kidogo, likapiga chafya, likafa.

"Halina jini," alisema baba. "Lina joto."

Nieleze sisi ni akina nani. Mimi ninaitwa Zebiniso. Nina miaka arobaini na mmoja na ninafundisha somo la injini katika chuo cha ufundi hapa Kokand. Baba yangu ni Fundi Mannop. Ana miaka sitini na saba, na arobaini na sita kati ya hiyo ameitumia chini ya boneti za magari.

Madereva wanaovuka mlima wa Kamchik kwenda Tashkent humwita Mannop Sikio. Hana mashine ya kupima. Husikiliza injini, huzungusha distributa kwa vidole viwili, kile kifaa chenye nyaya nne kinachoamua cheche itoke lini, kisha husema, "Nenda." Nao huenda.

Nilikuwa na siri moja kuhusu baba. Masikio yake yalikuwa yamekwisha.

Niligundua miaka miwili iliyopita, birika lilipopiga mluzi hadi likakauka naye amekaa hatua mbili tu kutoka pale. Sikusema kitu. Gereji yetu haina kibao wala tangazo. Ina jina lake tu. Fundi wa masikio akijulikana kuwa ni kiziwi, tutafunga geti wiki hiyo hiyo, na baba akikosa kazi sijui atabaki na nini.

Nilikuwa nimechoka kuibeba siri hiyo. Asubuhi ile nikaona imefika mwisho.

"Mzee Mannop," Odiljon alianza, akijitahidi kutunza adabu, "gari nililichukua hapa Jumamosi. Sawa?"

"Sawa."

"Jumapili nikapanda Kamchik na abiria wanne. Kuanzia kona ya tatu injini inagonga. Kama changarawe ndani ya kopo. Abiria wote wameisikia. Bibi mmoja kiti cha nyuma kaanza kusoma dua. Bibi wa miaka themanini kaisikia, mzee wangu. Wewe hukuisikia?"

Baba alikuwa anautazama mdomo wa Odiljon, si macho yake. Nilijua kwa nini.

"Hapa haikugonga," alisema.

"Ndiyo nauliza. Haikugonga, au hukusikia?"

Hamro akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Kaka Odiljon," nikaingilia, "karibu chai kwanza."

"Dada mwalimu, chai nitakunywa, mimi si mshenzi. Lakini fungueni hiyo injini mbele ya macho yangu. Nikiona kosa ni la mzee, nitawaambia madereva wenzangu kituoni. Sio kwa ubaya. Watu wanapanda mlima na watoto wa watu."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Nikapiga simu chuoni, nikaahirisha kipindi. Tukaanza kufungua.

Kufungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kwenye baridi ile ni adhabu. Spana zinanata kwenye vidole. Tulimwaga maji, tukatoa nyaya, tukalegeza boliti moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake. Baba hakusema neno zaidi ya namba za spana.

Katikati ya kazi tulikaa kuzunguka jiko. Odiljon akamega mkate, akasukuma bakuli lake la chai.

"Nieleze, dada. Lakini nieleze kama mtu, usinisomee kitabu. Mle ndani kunatokea nini?"

"Pistoni inafanya safari nne," nikasema. "Inashuka, inavuta hewa na mafuta. Inapanda, inavikandamiza. Moto unawaka, unaisukuma chini, na hiyo ndiyo safari pekee inayokulisha wewe. Kisha inapanda tena, inatoa moshi. Basi."

"Kwa hiyo katika safari nne, tatu za bure."

"Kama mkwe wangu," akasema Hamro.

"Watu wanadhani mafuta yanalipuka," nikaendelea. "Hayatakiwi kulipuka. Cheche inawasha kona moja, pale plagi ilipo. Moto unatembea kutoka hapo hadi ukuta wa pili. Unakimbia, lakini unatembea, kama moto unaokula nyasi kavu. Na kwa sababu unahitaji muda, cheche inatolewa kabla pistoni haijafika juu. Pistoni ikishageuka tu na kuanza kushuka, msukumo uwe umekomaa."

"Na ukiiwasha mapema mno?"

"Moto unakomaa pistoni ikiwa bado inapanda. Wawili hao wanapigana. Mchanganyiko uliobaki kona ya mbali unabanwa, unapata joto, unashindwa kusubiri. Unajiwasha wenyewe, wote kwa mpigo mmoja, kabla moto wa plagi haujaufikia. Hapo ndipo unaposikia changarawe."

Odiljon akafikiri.

"Kama foleni ya kituoni. Wa nyuma kabisa anapiga honi na kuondoka kabla ya wa mbele."

"Hivyo hivyo. Na kila kugonga kwa namna hiyo kunachubua ile hewa nyembamba ya ubaridi inayokinga chuma. Chuma kinabaki uchi mbele ya moto."

"Na ufunguo? Mbona liliendelea bila ufunguo?"

"Masizi. Yakipata joto sana yanabaki mekundu kama kaa la jiko. Umekata umeme, lakini kaa linafanya kazi ya plagi. Kabureta bado linatoa mafuta. Injini haijui kwamba umeondoka."

"Hamro, sikia," alisema Odiljon. "Jini wako ni masizi."

"Awe jini, yawe masizi," Hamro alijibu, "wakija kwangu natimua mbio."

Hata Odiljon akatabasamu. Baba alikuwa anaitazama chai yake.

Saa sita na robo tukanyanyua silinda hedi.

Pistoni ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa nyeusi lakini nzima. Ya tatu ilikuwa imeliwa pembeni kama biskuti iliyopitiwa na panya. Bado kidogo itoboke. Kona moja zaidi ya Kamchik, na gari lingezimika mlimani, kwenye barafu, likiwa na abiria wanne.

Baba akapitisha kidole gumba juu ya jeraha lile.

"Cheche ilitoka mapema," alisema.

"Nani aliiweka mapema?" akauliza Odiljon.

Baba akajifuta mikono. Akanitazama mimi, si yeye.

"Kosa langu," alisema.

Odiljon akashusha pumzi. Nilidhani angepiga kelele. Hakupiga. Aliinama, akaanza kutafuta kofia yake, na upole wake ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Mimi nilikuwa nahesabu kichwani, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Namba hazikukubali.

"Kaka Odiljon," nikasema, "Jumapili ulipanda kwa gesi au kwa petroli?"

"Gesi gani, dada? Vituo vya gesi vimefungwa tangu Jumamosi jioni. Baridi ikishuka hivi si hufungwa kila mara? Nilipanda kwa petroli. Ya oktani themanini, ile hafifu. Nyingine haikuwepo."

Nikaketi juu ya tairi.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikuwaambia pale juu, kwa sababu nilikuwa naona aibu.

Tangu nilipojua kuwa baba hasikii, kila Jumamosi nilikuja kumsaidia. Yeye akienda kuswali adhuhuri, mimi nilitoa taa yangu ya kupimia cheche kwenye mkoba, nikapitia magari aliyoyamaliza. Nikikuta distributa haipo kwenye namba ya kitabu, niliizungusha. Nilijiambia namlinda.

Jumamosi ile niliikuta ya Odiljon imechelewa sana. Gari lake lina mtungi wa gesi, na gesi huwaka taratibu kuliko petroli, hivyo cheche yake inatakiwa kuwahi. Nikasema moyoni, masikini baba, sasa hasikii kabisa. Nikaisogeza nyuzi sita mbele, mpaka kwenye namba ya kitabu.

Namba ya gesi.

Baba hakuwa amekosea. Alikuwa ameiona baridi inakuja. Alijua vituo vitafungwa, na kwamba kila dereva wa Kokand atarudi kwenye ile petroli hafifu inayojiwasha upesi. Wiki ile aliichelewesha cheche ya magari yote kwa makusudi. Likitumia gesi, gari litakuwa zito kidogo. Likitumia petroli, halitakufa.

Mimi nilijua moto unavyotembea ndani ya silinda. Sikujua kituo cha gesi kitafungwa saa ngapi.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

"Zebi," alisema baba.

"Ni mimi, kaka. Niliisogeza cheche Jumamosi, yeye akiwa msikitini. Alikuwa ameiweka sawa. Injini yako nimeiunguza mimi."

Odiljon alitutazama kwa zamu.

"Mwalimu wa chuo?"

"Ndiyo."

"Wa injini?"

"Ndiyo."

"Aisee," alisema Hamro taratibu. "Na mwanangu nimempeleka kwako."

Odiljon akaiweka kofia yake chini. "Kwa hiyo masikio ya mzee hayana shida?"

Jibu la ndiyo lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Neno moja, na jina lake lingebaki kama lilivyokuwa.

"Masikio yamekwisha," alisema baba. "Mwaka wa tatu huu. Sema nilizoea kuitwa Sikio, nikaona tabu kuwasumbua kubadilisha."

Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti kijiti cha mforsadi, urefu wa kalamu mbili, kimelainika kwa kushikwa. Nilikuwa nimekiona mara elfu. Nilidhani anakitafuna kwa ajili ya kuacha sigara.

"Hamro, lete kigari chako hapa, ukiwashe. Odiljon, chomoa waya mmoja wa plagi. Usiniambie upi."

Baba akageukia ukuta hadi kazi ilipokwisha. Alipogeuka alifumba macho, akang'ata kijiti kwa meno, akagusisha ncha ya pili kwenye injini. Hapa. Kisha hapa. Kisha pale.

Akainua vidole viwili.

Odiljon akainama, akaangalia, akaurudisha waya wa silinda ya pili.

"Sauti inapita kwenye mfupa," alisema baba. "Polepole, lakini inafika."

Baadaye tulibaki wawili tukiosha boliti kwenye mafuta ya taa. Vidole vilikuwa havina hisia.

"Ulijua kwamba nazungusha?" nikauliza.

"Naweka alama ya chaki. Nikirudi kutoka kuswali, nyingine zimesogea."

"Miaka miwili! Kwa nini hukunikataza?"

"Mara nyingi ulipatia. Nyingine nilizirudisha, nawe hukugundua. Jumamosi hii mgongo uliniuma, sikuzikagua." Akaokota boliti nyingine. "Na nilikuwa nasubiri uniulize kwa nini, baba, umeiweka hapa. Nilisubiri muda mrefu, mwanangu."

Nikaichukua ile boliti mkononi mwake, nikaendelea kuosha.

Ndugu msomaji, ukikuta kazi ya mtu haifanani na kitabu chako, usiirekebishe nyuma ya mgongo wake ukaita huruma. Muulize anajua nini ambacho wewe hukijui. Swali lile lingenichukua nusu dakika.

Odiljon alirudi nyumbani kwa basi. Baada ya siku tisa akaja kuchukua gari lake likiwa na pistoni mpya. Kituoni alisema yote mawili: kwamba mzee hasikii, na kwamba aliyeunguza injini ni binti yake. Madereva saba walihamia kwa fundi mwingine. Kumi na wanne walibaki.

Hamro hakumhamisha mwanawe chuoni, lakini alimpa daftari na kumwambia amuulize mwalimu kila kitu mara mbili.

Mimi nilipiga simu jioni ile ile kwa wenye magari mengine mawili niliyoyagusa Jumamosi, nikawaomba wasiyawashe. Kesho yake nilikwenda kuyarekebisha nje, kwenye theluji, baba akinionyesha kwa kidole mahali pa kusimamisha distributa. Ijumaa nilifundisha kipindi kilichoahirishwa.

Baba alilala Alhamisi nzima. Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, alifungua geti.