Mtani Wangu Mwenye Muhuri

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Juu jina langu, katikati maelezo ya msimamizi, chini kisanduku cha kugongea muhuri. Chuo chetu cha ufundi wa magari kilitugawia mwisho wa mwaka wa kwanza kikatuambia wazi: wiki nane za fildi, yaani mazoezi ya kazi, na fomu yenye muhuri, la sivyo usirudi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara huria. Mashirika yalikuwa yanauzwa au yanakufa yenyewe, na karakana zilizokuwa zikipokea wanafunzi kumi zilikuwa zinawaaga mafundi wake. Nilizunguka Songea kwa baiskeli ya baba, mwezi wa Juni, baridi ikinikata masikio, mpaka nikabakiwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa Peramiho, kwenye karakana ya misheni. Fundi mkuu alisema nafasi ni moja, ataniwekea mpaka Ijumaa. Wa pili ulikuwa kampuni ya malori pale mjini, karibu na kwetu Bombambili. Meneja wake alikuwa Mhehe, na sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu walipigana, vita vikaisha, yakabaki matusi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyakasirikia.

Nilimwamkia shikamoo siku ya Jumatatu.

"Sipokei shikamoo ya Mngoni," alisema. "Babu yako alimkimbia babu yangu akaacha ngao. Umeifuata?"

"Nimekuja kuona kama mmejifunza kuishika."

Ofisi nzima ilicheka, hata yule mama mchapaji aliyekuwa haondoi macho kwenye mashine yake. Meneja aliichukua fomu yangu, akaitia kwenye droo.

"Haya, mtumwa. Njoo kesho unifagilie karakana."

Baba alifurahi kuliko mimi. Kwake, mtani akikuita mtumwa amekwisha kukupokea, na kumwomba aseme kwa maneno makavu ni kumvunjia heshima. Nilimwamini. Jumatano nilimtuma jirani aliyekuwa anakwenda hospitali Peramiho amwambie fundi mkuu ampe mwingine nafasi ile, kwani mimi nimepata.

Nilikuwa sijapata kitu. Kila asubuhi ilikuwa "kesho, mtumwa". Siku moja ufagio umelala, siku nyingine Wangoni hawaruhusiwi kushika spana wakiwa na njaa. Nilicheka kila mara, kwa sababu mtani hanuni. Na nilifagia, kwa ufagio wa kweli, ua mzima wa malori, nikidhani ndiyo sehemu ya mzaha. Wiki ya tatu nilimkuta kijana wa rika langu, amevaa ovaroli mpya, amelala chini ya lori anafungua giaboksi. Alikuwa na fomu kama yangu na barua ya mkubwa fulani kutoka Dar es Salaam. Nilimuuliza meneja mbona huyu hakuambiwa afagie.

"Yule si mtani wangu," alijibu. "Yule nikimtania atakwenda kunisemea."

Nilicheka na hapo pia. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Mama mchapaji alinifuata nje, fomu yangu mkononi, imekunjwa vilevile nilivyoikunja. "Nafasi ilikuwa imejaa kabla hujaja, mwanangu," alisema. "Aliona aibu kukunyima."

Aibu gani? Angesema hapana Jumatatu ile, nilikuwa na siku nne za kwenda Peramiho, na baiskeli ilikuwa nzima. Hapana ni neno fupi kuliko hadithi ya ngao. Alijificha nyuma ya utani kwa sababu alijua huko simfikii. Nikikasirika, mwenye kosa ni mimi. Nilipanda baiskeli mchana uleule. Kule Peramiho fundi mkuu alisikitika, akaniuliza si mimi niliyetuma salamu kwamba nimepata? Nafasi ilikuwa na mtu wiki mbili tayari.

Chuoni sikurudi. Nilikwenda Tunduru kwenye machimbo ya mawe ya vito, nikatoka huko mikono mitupu, nikaenda Mbamba Bay, nikaenda Makambako. Nina miaka arobaini na kitu na sijakaa mahali miaka mitatu. Natengeneza magari ya watu njiani, vizuri tu, bila cheti.

Juzijuzi nilipita Songea kumwona mama, nikasikia meneja yule amefariki. Nilikwenda msibani. Kwenye msiba mtani ana ruhusa kubwa: huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, na wafiwa humshukuru kwa kuwachekesha. Niliomba koti lake, nikapewa. Niliketi kwenye kiti, nikavuta droo isiyokuwepo, nikatia karatasi isiyokuwepo.

"Haya, mtumwa," nilisema kwa sauti yake. "Njoo kesho."

Walicheka mpaka mjane akajifuta macho. Nikarudia, wakacheka zaidi. Mkekani, katikati ya wanawake, alikuwepo mama mchapaji, amezeeka, hacheki.

"Mgongee muhuri basi," alisema taratibu. "Mgongee mtoto wa watu aende zake."

Watu walinigeukia, wakingoja nijibu.

"Kesho," nilisema, na msiba ukaangua kicheko tena.

Nilivua koti nikalikunja juu ya kiti. Wakati wa kufukia kaburi, mtani hushika koleo kabla ya wengine. Walishika watani wengine. Mimi nilikuwa stendi, nasubiri basi la Tunduru.