Kiapo cha Mikono

"Chomeni karakana yote leo, niachieni mikono hii miwili tu, Jumatatu nimefungua!" Baba mdogo aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku alipozindua karakana yake ya vitanda. Watu walipiga makofi hadi mbwa wa jirani akabweka.

Miaka kumi na tisa baadaye, hoteli moja ilimshtaki kwa kuchelewesha vitanda arobaini, ikashinda. Akakata rufaa, akaomba utekelezaji wa hukumu usimame kwanza, maana dalali wa mahakama alishaiandika kwa mnada mashine yake ya kukereza, ile inayozungusha mti wakati patasi inachonga mguu wa kitanda.

Jaji akamuuliza, "Ikiuzwa, kisha ukashinda rufaa ukarudishiwa pesa, utaweza kuanza upya?"

Wakili wetu akakohoa mara mbili. Baba mdogo akanyoosha mgongo. "Mheshimiwa, mimi ni fundi. Jumatatu nimefungua."

Ombi likatupwa. Hasara inayolipika kwa pesa, alisema jaji, haisimamishi hukumu.

Kumbe mikono ilikuwa na mwaka wa pili ikitetemeka. Msumeno wa mkono ulishamshinda. Mashine ndiyo iliyomshikia mti. Nyumbani tulijua, tukajifanya vipofu, chai tukimmiminia nusu kikombe.

Ili tupinge uamuzi ule mahakama ya juu, wakili akaandaa kiapo: kwamba bila mashine ile, mzee hawezi tena kazi. Nikampelekea Jumatatu atie sahihi.

"Nusu Diploma," akasema, ndivyo anavyoniita, "unataka niape mbele ya watu kwamba sijiwezi?"

"Ni karatasi tu, Baba mdogo."

"Karatasi tu! Ndiyo maana chuo kilikushinda."

Akailalia siku nne chini ya godoro. Ijumaa akanirudishia, uso kaugeuzia ukutani. Sahihi ilikuwa kama kuku kakanyaga wino akapita.

Nikakimbia mahakamani. Karani akatazama tarehe. "Mngeileta juzi, mngesikilizwa leo. Sasa ni Jumatatu."

Mnada ulikuwa Jumamosi.

Jumatatu majaji watatu walikisoma kiapo kimya. Mmoja akaitazama mikono ya Baba mdogo juu ya meza, akasema tuna hoja, tena nzito, ila kilichokwisha kuuzwa hakisimamishwi. Baba mdogo akaitia mikono mfukoni, akatoka.

Mashine iliuzwa shilingi laki tatu na elfu sitini.