Ordinateri imenipandishia mahari

Leo ordinateri yangu, hii kompyuta, imenikula mbuzi ine.

Beau-père, baba ya muchumba wangu, iko Butembo, sisi Kisangani, donc mahari tuliongea kwa video. Tonton Anselme, musemaji wetu, alikaa mbele ya ekran, amevaa costume. Nilimuambia: "Tonton, hii ni Linux, haigandi."

(Wiki nzima ilikuwa inaganda. Nimebadilisha mémoire (RAM), nimepangusa vumbi, bure.)

Tonton akatoa mbuzi moja.

Beau-père kimya. Macho makali, hata kope hazichezi.

"Amekasirika," Tonton akaninong'oneza. "Mbili, papa!"

Kimya.

Nikaangalia saa kwenye kona ya ekran. Imesimama! Nikabonyeza mabutoni yote ya clavier, Tonton anatoka jasho: "Tatu! Ine! Tano, papa, tano!"

Nikazima, nikawasha, nikapiga tena. Beau-père anacheka.

"Papa, picha iliganda," nikasema.

"Kwenu. Huku niliona vizuri na nilisikia yote. Nilitaka kukubali ile ya kwanza, lakini muzee alikuwa anaongea vizuri, nikaona haya kumukatiza."

Bon. Mwenye anajua kwa nini ekran inaganda na sauti inaendelea, aniandikie hapa, haraka.

Jumamosi tunaongea mambo ya ng'ombe.