Ubao wa Maalim Idrisa

Juzi nilipita soko la Kirumba kununua dagaa, nikakuta mama mmoja anauza nta ya nyuki, mabonge ya manjano yaliyopangwa juu ya gunia. Nilisimama palepale. Harufu yake, tamu na nzito, ilinishika puani, na kabla sijauliza bei nilikuwa nimesharudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimepiga magoti mchangani, nasugua nta juu ya ubao mrefu kuliko mimi huku upepo wa ziwa ukinijaza mchanga masikioni. Yule mama akaniuliza, "Bibi, unanunua au unanusa tu?" Nikamwambia nanusa tu. Akacheka, akaniacha ninuse.

Basi nisikilizeni, niwasimulie habari za Maalim Idrisa, mtu wa kwanza niliyemwona amesimama juu ya wimbi. Mimi mpaka leo najigamba kwamba alikuwa wa kwanza katika Tanganyika nzima, na bado sijapata mtu wa kunibishia.

Maalim Idrisa alikuwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Chuo chenyewe kilikuwa banda la mabati nyuma ya karakana ya baba yangu, aliyekuwa fundi seremala, kwa hiyo tulijifunza alifu na bee katikati ya kelele za misumeno. Alikuwa mrefu na mwembamba, na alipopanda baiskeli alikunja kanzu yake na kuifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Fimbo hakuwa nayo. Mtoto akikosea alimtazama tu, akasema, "Vuta pumzi, uanze tena." Wazazi wengine walilalamika kwamba mwalimu asiye na fimbo ni sawa na mchungaji asiye na mbwa, lakini sisi tulikwenda chuoni mbio.

Wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa uaskari, akapelekwa mpaka kisiwa cha Sailoni, ndiyo Sri Lanka ya leo. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba wenzake walirudi na medali, yeye akarudi na uchamungu na wazimu kidogo. Huo wazimu tulikuja kuujua siku alipotufundisha maana ya tawakali, yaani kumtegemea Mungu. Hatukuelewa. Akaeleza mara ya pili, tukamkodolea macho. Ndipo akaweka kitabu chini.

"Kule Sailoni," alisema, "nilimwona askari wa Kiaustralia anakuja kutoka baharini, amesimama wima juu ya maji. Nilidhani ni jini. Alipofika karibu nikaona ana ubao chini ya miguu. Nikamfuata, nikamwomba anifundishe. Nilianguka mwezi mzima. Nilikuwa napigana na wimbi, watoto, na anayepigana na wimbi hunywa bahari. Siku nilipoacha kupigana, nikafanya kazi yangu na kumwachia Mwenyezi Mungu kazi yake, wimbi likanibeba. Tawakali ndiyo hiyo."

Hapo Saidi, mtoto wa jirani aliyekuwa hawezi kunyamaza hata akilala, akasema, "Maalim, mbona na ziwa letu lina mawimbi?"

Maalim alimtazama Saidi kwa muda mrefu sana. Siku ya pili yake asubuhi nilimkuta karakana, amechutama na baba, wanachora umbo la ubao kwa kijiti kwenye vumbi la randa.

Ubao wa kwanza baba aliutengeneza kwa mvule, maana baba aliamini kwamba hakuna kitu kizuri kisichotengenezwa kwa mvule. Ulizama taratibu, kwa heshima, kama mzee anayeketi. Wa pili aliutengeneza kwa ule mti mwepesi uotao majini ukingoni mwa ziwa, ambao wavuvi walifanyia maboya ya nyavu. Aliyafunga magogo yake pamoja, akayachonga ncha mbele, akapigilia juu ubao mwembamba. Ulikuwa mwepesi kiasi kwamba Saidi na mimi tuliweza kuubeba vichwani. Na nta ilikuwa ya kuzuia miguu isiteleze. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Chuo kilifungwa Alhamisi, na Alhamisi ndiyo tuliyokwenda. Tulikuwa watoto sita. Tulipita Bwiru, tukavuka vilima vyenye yale majabali yaliyobebana, mpaka mahali ambapo ghuba inafunguka na upepo wa alasiri unakuja moja kwa moja kutoka ziwa kuu. Pale palikuwa na mvuvi mmoja Mjita, Mzee Magesa, akishona nyavu zake. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akautazama ubao, akamtazama Maalim, akashusha pumzi.

"Asubuhi maji haya ni ya kiboko," alisema. "Jioni pia ni yake. Alasiri mnaweza kuazima. Mimi nitakaa hapa juu ya jiwe niwatazamie mamba. Nikipiga debe hili, mtoke bila kuuliza swali."

Maalim aliingia majini na fulana na suruali yake ya kijeshi. Alilala kifudifudi juu ya ubao, akapiga makasia kwa mikono mpaka akawa kichwa tu kwa mbali. Mawimbi mawili yakapita chini yake, la tatu akaliacha pia. Kisha likaja moja refu, la kijani, likainuka nyuma yake, na Maalim wetu akapiga mikono mara tatu, akaruka, akasimama! Alikuja kama ametumwa. Fulana imejaa upepo, mikono ameitandaza, ndevu zinachuruzika maji, na anacheka, yeye ambaye chuoni alitabasamu kwa kipimo. Tulipiga takbiri mpaka Mzee Magesa akadhani tumeona mamba, akaanza kupiga debe.

Kuanzia siku hiyo Alhamisi ikawa sikukuu. Tulifundishwa kwanza mchangani, kulala na kuruka, kulala na kuruka, kila mmoja na bismillahi yake. Wavulana wote watano walisimama kabla yangu. Mimi nilianguka mbele, nikaanguka nyuma, nikanywa ziwa mpaka nikawa naujua utamu wake. Maalim hakunihurumia hata siku moja, na hakuniambia nikae pembeni. "Vuta pumzi, uanze tena." Nikaanza tena. Halafu Alhamisi moja, sijui kilichobadilika ni nini, nikajikuta nimesimama. Kwa pumzi mbili tu, ndugu zangu, nikaanguka. Lakini pumzi mbili zile!

Nilikimbia njia nzima. Nyumbani nilimkuta bibi ukumbini, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele.

"Bibi! Maalim amenifundisha kusimama juu ya ubao!"

Mkono wa bibi ukaganda. "Ubao gani?"

"Ubao wa Maalim!" nikajibu, nikatoka mbio kwenda kuwaambia wengine.

Sasa mnisaidie kufikiri. Katika nyumba yetu, na nyumba zote za mtaa ule, ubao wa Maalim ulikuwa kitu kimoja tu. Ni ule ubao mdogo wa chuoni tulioandikiwa aya kwa wino wa masizi, ambao hata kuuweka chini ilikuwa dhambi, na ulipooshwa yale maji yalinywewa kama dawa. Na mimi mjukuu wake nimesema nimefundishwa kuukanyaga.

Bibi hakuwa mtu wa maneno. Alimwambia jirani mmoja tu. Jirani naye alimwambia mmoja tu. Ilipofika Ijumaa, baada ya sala, mji mzima ulikuwa na habari kwamba Maalim Idrisa anawasimamisha watoto juu ya maneno ya Mungu, ni uchawi aliotoka nao Sailoni.

Jumamosi chuoni tulikuwa wanne. Jumapili tulikuwa wawili, mimi na Saidi, na Saidi alikuja kwa kutoroka. Maalim alitusomesha kama kawaida, sauti ileile, ila alikuwa anageuka kila mlango ulipolia. Nyumbani nilimsikia baba anamwambia mama kwamba wazee wa msikiti wameitisha kikao kesho alasiri, na wakiridhika kuwa ni kweli Maalim ataondolewa, itabidi ahame Mwanza na mkewe. "Nani aliyeanzisha uongo huu?" mama akauliza. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeelewa nani.

Kikao kilifanyika uwanjani mwa chuo. Wanaume kwenye mikeka, wanawake wamesimama ukutani, sisi watoto katikati ya nguo zao. Aliyeongoza ni Mzee Shaweji, mshona kanzu, mtu mwenye sauti ndogo ambayo ilitisha kuliko kelele.

"Maalim, tumesikia mambo."

"Mmeyasikia kwa nani, Mzee?"

"Kwa watu."

"Na watu wameyasikia kwa nani?"

Mzee Shaweji akamtazama mtu wa kulia kwake, yule akamtaja mkewe, mkewe akamtaja shoga yake, shoga akamtaja jirani yetu, jirani akamtazama bibi yangu. Bibi, Mungu amrehemu, akanisukuma mbele kwa kidole kimoja. "Amesema huyu."

Baba akainuka nusu, anataka kusema. Nilimwona Maalim anamwonyesha kwa kiganja: kaa. Kisha akasema, "Basi muulizeni yeye," akakunja mikono juu ya magoti.

Macho yote yale! Ulimi wangu ulikauka kama dagaa. Nilimtazama Maalim anisaidie, naye akatazama mkeka. Nikavuta pumzi.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia wachache.

"Bibi hakusema uongo. Mimi ndiye niliyesema vibaya. Ubao wenyewe si huu wa chuoni. Ni wa ziwani, wa kupandia mawimbi, ametengeneza baba. Hauna hata herufi moja."

"Una hakika gani?" Mzee Shaweji akauliza.

"Mimi ndiye ninayeupaka nta, Mzee. Nimeupapasa wote, juu na chini."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya amekohoa.

"Na wewe, mtoto wa kike, umesimama juu yake?"

"Mara moja tu, Mzee. Nikaanguka."

Hapo wakacheka wengi. Mzee Shaweji hakucheka. Alichezea tasbihi yake, kisha akasema, "Alhamisi nitakwenda kuona kwa macho yangu. Kama kuna herufi, tutaonana."

Alhamisi hiyo, jamani! Mfanyabiashara mmoja alitoa lori lake la kubebea pamba, na wazee wakapanda na kanzu zao nyeupe. Waliposhuka Bwiru walikuwa na pamba kwenye ndevu, wakawa wamezeeka miaka kumi njiani. Nyuma yao wakaja wanawake kwa miguu, watoto, mbwa, na muuza kashata. Mzee Magesa alipoona umati ule alivaa shati.

Mzee Shaweji aliugeuza ubao, akaukagua upande huu na huu, akaunusa. "Nta," akasema. Maalim akaingia majini akaonyesha, na watu wakapiga kelele mpaka ndege wakaruka majabalini. Kisha akautoa ubao, akauweka miguuni pangu.

Bibi alikuwa amenivalisha suruali ndefu chini ya gauni, na kanga amenifunga kiunoni mafundo matatu. Hakuniambia neno, aliyakaza tu yale mafundo. Nikaenda. Maji yalikuwa ya baridi, upepo unavuma, moyo unanigonga mpaka kwenye ubao. Nikaliacha wimbi la kwanza. Nikaliacha la pili. La tatu nililisikia kabla sijaliona, likaniinua mgongo kama mkono, nikapiga maji kwa nguvu zangu zote, nikaruka.

Nikasimama. Sikuanguka! Ufuko ulikuwa unanijia mbio na watu wake wote, nilikuwa juu yao, nilikuwa naona vilemba na kofia kutoka juu, na nilikuwa napiga ukelele ambao hata sijui ulitoka wapi. Wimbi lilinileta mpaka mchangani, ubao ukakwama, nami nikaruka kama chura na kutua mbele ya Mzee Shaweji. Maji yakamlowesha kuanzia kofia mpaka makubadhi.

Mzee Shaweji alijifuta uso polepole.

"Rudia," akasema. "Sikuona vizuri, maji yameniingia machoni."

Wiki iliyofuata chuo kilijaa mpaka tukakaa nje. Kufikia Uhuru baba alikuwa ametengeneza mbao tano, na Alhamisi walikuja hata watoto wa misheni, Wakerewe na Wajaluo, ambao Maalim hakuwafundisha Kurani ila kuvuta pumzi. Siku za sherehe za Uhuru tulipanda mawimbi watoto kumi na mbili kwa zamu, na ufuko mzima unaimba. Mzee Shaweji alikuwa anasimamia foleni.

Maalim alifariki mimi nikiwa nimeshaolewa. Nilikwenda kumpa pole mkewe, Bi Zuhura, na katika mazungumzo nikataja kile kikao. Nilikuwa nimekisimulia mara nyingi sana maishani, na kila mara kwa namna moja: jinsi mtoto wa miaka tisa alivyomwokoa mwalimu wake. Bi Zuhura akatikisa kichwa.

"Siku ile aliporudi hakula," alisema. "Nilimgombeza. Nikamwambia, neno moja lingetosha, 'ni ubao wa ziwani,' na baba wa yule mtoto, fundi, yuko hapohapo shahidi. Kwa nini umeweka riziki yetu mdomoni mwa mtoto? Akaniambia, 'Zuhura, yule mtoto alishajua kwamba neno lake limeniharibia. Ningelimaliza mimi, angekua anaogopa mdomo wake. Nilitaka amalize mwenyewe.' Nikamuuliza, na kama angeshindwa? Akasema, 'Tungehama.'"

Alinimiminia chai. Sikuweza kuinywa. Nilikaa nimekishika kikombe kwa mikono miwili, mwanamke mzima, mwalimu wa shule, nasimama mbele ya watu kila siku ya Mungu na kusema bila woga, na miaka yote ile nilidhani ni mimi niliyemwokoa Maalim Idrisa.