Kibuyu cha Mama Kwenye Makumbusho ya Molo

Memsabu aliyemwajiri mama yangu kama aya, yaani yaya wa watoto, alikusanya vitu kwa miaka mingi: picha za farasi, vinyago, sahani ambazo hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula. Nyumba ilipojaa, mumewe akaondoa viazi kwenye ghala lao pale Molo, wakaliita makumbusho. Mji huo miaka ya hamsini ulikosa mengi, lakini sikumbuki mtu aliyelilia makumbusho.

Siku ya kufunguliwa tuliitwa tuje tuone ustaarabu. Kwenye rafu, katikati ya farasi wawili, nikakiona kibuyu chetu cha maziwa, kimesuguliwa kwa sabuni na kupakwa vanishi ya meza. Nikasoma karatasi iliyokuwa chini yake: chombo cha kale, matumizi hayajulikani.

Memsabu alipojifungua, mama alikuwa amempelekea maziwa ndani ya kibuyu hicho. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo miaka miwili mama hakukidai. Alidhani mwenzake bado anatafuta kitu cha kutia.

"Aya, unakijua hiki?" memsabu akauliza kwa fahari.

"Nakijua, memsabu. Ni changu."

Memsabu akacheka, akampongeza kwa kupenda mila zake, kisha akamwomba alete kingine, maana rafu ilikuwa tupu upande mmoja.

Mama hakumvunja moyo. Kesho yake alimpelekea mkebe wa jemu uliotupwa kutoka jikoni kwa huyo huyo memsabu, ule tuliokuwa tukitilia maziwa tangu kibuyu chetu kigeuke kuwa cha kale.