Jumamosi Mchana, Hilaire Anazima Mashine

Ni Jumamosi mchana mjini Likasi. Umeme umewaka tangu asubuhi bila kukatika, na Hilaire Mwepu anazima mashine yake ya kuchomelea vyuma. Mtaani kwake jambo hilo huwashangaza watu. Umeme ukiwapo, fundi hata kula hukumbushwa, maana hajui utaondoka saa ngapi.

Mama aliyefuata mlango wake anabaki ameduwaa.

"Papa Hilaire, courant iko, na weye unafunga?"

"Nafunga, mama. Lundi mapema utapata mulango yako," anamwahidi Jumatatu.

Ananawa masizi, anavaa shati jeupe na kuweka begani tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote katika bendi ya parokia. Mazoezi yanaanza saa nane.

Hilaire ana miaka arobaini na moja. Mlango mmoja wa chuma humwachia kama dola kumi na tano, akishalipia vyuma na umeme. Mkewe, Suzanne, huuza unga wa mahindi mbele ya nyumba wanayopanga. Wana watoto watatu, na kiwanja ambacho kuta zake zimesimama zikingoja bati. Kila Ijumaa hutoa mchango wao wa likelemba, wanachama wakipokea fedha kwa zamu.

Mwaka juzi mjenzi aitwaye Augustin alimletea kazi ya milango ya nyumba nyingi. Hilaire akaacha mazoezi, akaacha hata misa.

"Minye nilimuambia tutumike kazi sana sasa, kisha tutapumuzika mu nyumba yetu," anaeleza Suzanne.

Miezi ikapita. Hilaire alikuwa akirudi nyumbani macho mekundu, akila bukari, ugali wa mahindi, na kulala kabla watoto hawajamaliza kumsimulia mambo ya shule. Jumapili moja, akisinzia huku amesimama, alichomelea bawaba upande usiofaa. Alipogundua kosa, milango tisa ilikuwa imeharibika. Augustin aliikataa yote. Hilaire alianza upya kwa vyuma vyake mwenyewe, na sehemu kubwa ya faida ikaishia hapo.

Alikuwa bado anaitengeneza upya milango hiyo ilipofika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Bendi ikapita mtaani. Hilaire akasimamisha kazi, nyundo mkononi.

"Nilisikia ngoma na tarumbeta ndogo," anasema. "Chini, pa tuba, kulikuwa bule, hakuna kintu."

Suzanne alitoka na kikombe chake cha kupimia unga, akasikiliza mpaka bendi ikapinda kona. Kisha akamgeukia mumewe.

"Papa, inakosa weye."

Usiku ule watoto walipolala, mume na mke walizungumza. Suzanne aliogopa kodi, Hilaire aliogopa kuzeeka akiwa mgeni kwa watoto wake. Walibishana, wakapiga hesabu, wakabishana tena. Mwishowe walikubaliana: mchango wa Ijumaa hautaguswa, na Jumamosi mchana haitaguswa. Bati ndizo zitakazosubiri.

Uamuzi ule ulijaribiwa mwaka huu. Augustin alirudi na kazi kubwa kuliko ya kwanza, akitaka imalizike kabla ya mvua, Jumamosi zote zikiwamo. Hilaire alichukua nusu, nusu nyingine akampelekea Elie, fundi jirani.

"Weye unakatala makuta, feza yote hii?" Augustin alimuuliza, nusu akicheka, nusu amekasirika.

"Sikatale. Nakamata yenye inaenea, yenye inanitosha."

Suzanne alikuwa amesimama kando. Aliikumbuka kodi, anasema, lakini hakuingilia. Milango ilitoka safi, yote, na Augustin akalipa bila kukataa hata mmoja. Juni zamu yao ya likelemba ilipofika, walinunua nusu ya bati. Sasa zimepangwa chini ya kitanda, na mtoto wa mwisho, Princesse, huzigonga kwa kisigino kila asubuhi ili kuwaamsha.

Nusu iliyobaki wanatarajia kuinunua kiangazi kijacho. "Tutaingia tu," anasema Hilaire. "Kama si mwaka yenye inakuya, ule mwingine."

Lakini kuna safari ya karibu zaidi. Bendi imealikwa kupiga kwenye sikukuu ya parokia huko Kambove, Jumamosi nzima, siku ambayo unga hununuliwa zaidi kuliko siku zote. Suzanne hajawahi kumwona mumewe akipiga mwanzo hadi mwisho.

"Bantu batakula unga ya kwingine," anasema, akijifunga kitenge vizuri. "Ile siku minye nakwenda Kambove na bwana yangu."