Ndoo Zangu za Kaa wa Jumapili

Nilipoanza kazi ya uvuvi nilikuwa naamini kwa moyo wote kwamba kaa akitolewa majini akakauka mgongo, hulia kwa sauti ambayo binadamu haisikii, na radi ikiisikia hushuka palepale alipo. Habari hii nilipewa na mwenye nyumba wangu wa Geita, mnunuzi wa dhahabu, aliyesema nyumba tatu za ukoo wake ziliteketea hivyo. Mtu wa Didia kama mimi hahitaji kushawishiwa sana kuhusu radi. Kwetu ni mbuga tupu. Ukisimama katikati ya jaruba la mpunga, mti mrefu kuliko yote ni wewe.

Siku yangu ya kwanza niliripoti saa moja kamili asubuhi, viatu vinang'aa kiasi kwamba kuku wa ofisini walisimama kujitazama. Mkuu wangu alikuwa Bwana Samaki wa Wilaya. Bwana samaki ndilo jina ambalo watu humwita mtaalamu wa uvuvi, awe mwembamba au mnene. Huyu alikuwa mnene. Akipanda mtumbwi, maji yalipanda ufukweni.

"Umesoma wapi, kijana?"

"Kidato cha nne, mzee. Masomo ya jioni."

"Na uvuvi umeusoma wapi?"

"Huo nitausoma mchana, mzee."

Alicheka mpaka kiti kikalalamika, akaniandika msaidizi wake kwa majaribio. Majaribio maana yake unafanya kazi kama wenzako, ila barua ya kuthibitishwa iko kwenye droo ya mkuu, na ufunguo anao yeye. Nyumbani nilikuwa nimeacha mke mjamzito na jembe. Barua ile ndiyo iliyosimama kati yangu na jembe.

Alinipa bwawa moja nje ya mji. Wasukuma wenzangu hawakuwa na habari na kaa waliokuwamo. Waliwaita buibui wa maji. Lakini machimbo yalikuwa yameleta watu kutoka Tanga, Mtwara na Pwani, na hao walikuwa wakiwaota kaa usingizini. Waliomba ruhusa ya kuvua kila Jumapili, kwa kujifurahisha na kwa mboga ya nyumbani, siyo ya sokoni. Mkuu alikubali kwa masharti, na mimi nikawa mlinzi wa masharti.

Kila mvuaji aliruhusiwa migono miwili. Mgono ni mtego wa fito zilizosukwa, wenye mdomo mpana unaozidi kuwa mwembamba kwa ndani, hivyo kaa huingia kwa kufuata harufu ya kichwa cha samaki asijue pa kutokea. Kila kaa alipimwa kwa kipande cha mbao nilichokichonga pengo: gamba likipita kwenye pengo, bado ni mtoto, anarudi majini. Kisha unamgeuza. Chini ya tumbo ana mkia uliokunjwa kama kifuniko. Wa dume ni mwembamba, wa jike ni mpana. Ukifunua wa jike ukakuta mayai, au vitoto vimejazana kama punje za mtama, unamrudisha taratibu na kumwomba radhi. Hilo la radhi niliongeza mwenyewe.

Sharti la mwisho ndilo lililonitesa: kaa atoke bwawani akiwa hai. Aliyekufa huoza upesi na huumiza tumbo, kwa hiyo hutupwa, na kumtupa ni kulimaliza bwawa bure. Mvuo wote ulikaa kwangu mpaka saa sita, nikague, ndipo watu waende nao.

Mimi, kwa hofu ya radi, niliwatumbukiza kaa wote kwenye ndoo zilizojaa maji mpaka mdomoni, nikafunika na kuweka jiwe juu. Nilichota maji mengi kiasi kwamba mkono wangu wa kulia ulirefuka. Ikifika saa sita nafunua: nusu wamekufa, magando yamelegea kama soksi.

Kiongozi wa wavuaji alikuwa Mama Zaina, mpishi wa kantini ya wachimbaji, aliyekulia Tanga kwenye mikoko. Alinizidi miaka kama kumi.

"Shikamoo, Mama Zaina."

"Marahaba. Bwana Samaki mdogo, haya maji mbona mengi hivi?"

"Kaa ni wa majini, mama."

"Hata mimi ni wa kwenye hewa, lakini ukinifungia kwenye sanduku utanikuta nimekufa. Hebu nikuletee gunia bichi—"

"Gunia! Unataka radi itumalize hapa? Kanuni ni kanuni, mama."

"Kanuni hiyo kaitunga nani?"

Niliongeza maji.

Jumapili ya nne walikufa kaa thelathini na mmoja, na harufu ilifika ofisini kabla yangu. Bwana Samaki wa Wilaya aliniita, akavua miwani.

"Sikiliza, ng'wanawane," akasema. Kwa Kisukuma hiyo ni mwanangu, na alipokuita hivyo ulijua mambo yameharibika. "Jumapili ijayo nakuja mwenyewe. Nikikuta maiti kwenye ndoo, bwawa nalifunga, na wewe nakurudisha Didia ukalime pamba."

"Kwetu tunalima mpunga, mzee."

"Basi utakuwa wa kwanza kulima pamba."

Wiki ile sikula, au nilikula sahani mbili tu kwa mlo. Nilimwambia Mama Zaina kilichonikabili. Alinitazama sana, akauliza, "Na mkeo yuko mwezi wa ngapi?" Nikamwambia wa nane. Akatikisa kichwa, akaenda kutega migono yake.

Jumapili yenyewe niliamka na ndoo sita. Nilizijaza, nikazifunika, nikaziombea moja moja. Saa nne pikipiki ikaja na habari kwamba gari la mkuu limekwama kwenye tope barabarani. Nilimwachia Mama Zaina ndoo nikakimbia kwenda kusukuma. Tulisukuma gari na mkuu akiwa ndani, kazi ambayo ng'ombe wanane wangeikataa. Tulipofika bwawani saa sita ilikuwa imepita.

Mkuu akainama, akafunua ndoo ya kwanza. Kaa akainuka na gando lake, akashika mkono wa shati lake jeupe na kuning'inia.

"Huyu mzima!" akapiga kelele. "Mtoeni! Mzima kabisa!"

Ndoo ya pili wazima. Ya tatu, mpaka ya sita. Nilichungulia nikaona maji yamebaki ya kulowesha chini tu, na juu ya kaa kuna magugu maji mabichi. Nikajiambia kaa wameyanywa kwa kiu, na magugu Mama Zaina ameyaweka kwa heshima ya mgeni. Niliangalia juu: mbingu safi, radi hakuna. Nikashukuru sala zangu.

Barua ilitoka kwenye droo mwezi uleule. Mtoto alizaliwa baba yake akiwa mwajiriwa.

Baada ya hapo nilihamishiwa Songwa, chini ya Ofisa Uvuvi Mwandamizi, mtu mkavu aliyeongea maneno manne kwa siku, matatu yakiwa "Lete ripoti hiyo." Huko nilishughulika na perege na macho ya nyavu, yaani ukubwa wa matundu yake. Kaa sikuwagusa tena, lakini kila semina niliwaonya vijana kuhusu kilio cha kaa, nao waliandika kwenye madaftari. Nikapanda cheo, nikapata kitambi changu mwenyewe, nikarudi Geita kumalizia utumishi.

Sasa nimestaafu, niko Didia na kibwawa changu cha perege. Ninyi mnaoingia kazini leo mna simu zinazowaambia joto la maji. Sisi tulikuwa na mbao yenye pengo na ujasiri wa kutojua. Sijutii kazi ile. Ninachojutia ni kwamba nilikuwa mwepesi wa kutoa amri na mzito wa kumsikiliza mtu aliyekuwa na jibu mbele yangu.

Siku ya kuagwa nilisimama Geita nikasimulia jinsi sala na ndoo zilizojaa zilivyoniokoa. Mama Zaina alikuwa kiti cha mbele, nywele nyeupe, analia kwa kicheko. Nilipokaa akanivuta mkono.

"Bwana Samaki, radi haina habari na kaa. Kaa anavuta hewa iliyomo kwenye maji, na maji yakisimama ndani ya ndoo iliyofunikwa, hewa hiyo inaisha. Mtoe, umweke kivulini, umfunike kwa kitu kibichi, atakaa hai hata siku mbili. Siku ile ulipokwenda kusukuma gari niliyamwaga maji yako. Wale waliokufa kabla yake ulikuwa unawazamisha."